Mama anagawana vidonge vya kansa na shoga yake. Nimwambieje?

Assalaam alaykum, daktari.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete, Pemba, nina miaka 31. Mama yangu ana miaka 58. Mwaka juzi aligunduliwa kansa ya titi la kushoto. Alifanyiwa opereshini, akapigwa mionzi Dar es Salaam, na sasa anakunywa tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku. Ameambiwa ataendelea nacho kwa miaka isiyopungua mitano.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa shoga yake, nitamwita Bi Salma ingawa si jina lake. Waliolewa mtaa huu mwaka mmoja, wamelea watoto pamoja, na mtihani huu nao umewafika pamoja. Bi Salma aligunduliwa kansa ya titi miezi michache baada ya mama. Lakini yeye alitundikiwa dripu, nywele zikanyonyoka zote, akatapika mpaka tukamhofia. Alipomaliza akaambiwa awe anarudi kuangaliwa tu. Hakupewa kidonge hata kimoja.

Tangu hapo hana raha. Anasema wamemkatia tamaa, mwenzake kapewa dawa ya miaka mitano na yeye kaambiwa aende nyumbani. Mtaani wapo wanaosema mama kapendelewa kwa sababu ana mtoto anayejua kusema na madaktari.

Wiki iliyopita nilimpelekea Bi Salma sahani ya wali. Juu ya kabati lake nikaona pakiti ya tamoksifeni iliyokatwa kwa mkasi, ina vidonge vitano. Niliporudi nyumbani nikaifungua pochi ya mama nikakuta nusu ya pili, imekatwa vile vile. Nikamuuliza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Siku moja nameza mimi, siku moja mwenzangu. Siwezi kumeza dawa naye ananitazama." Sikuwa na la kumjibu.

Nimesoma karatasi za majibu za wote wawili. Ya mama imeandikwa ER 90%, PR 60%, HER2 1+. Ya Bi Salma imeandikwa ER hasi, PR hasi, HER2 0, Ki-67 70%. Nikatafuta mtandaoni, nikaona kwamba hizi ni protini zinazoikuza kansa. Kosa langu nililizungumza mbele ya ami, kaka wa marehemu baba. Akatoa amri mama asile tena samaki, mayai wala kunde, kwa kuwa ndivyo vyenye protini. Sasa mama anashindia muhogo na chai, na anapungua.

Naomba unieleze protini hizi ni nini, na kwa nini watu wawili wenye kansa ya titi wapewe dawa tofauti. Na nimwambieje mama bila kumvunja moyo yeye na shoga yake?

Binti wa Wete

JIBU

Waalaykum salaam, binti yangu. Nianze na yasiyoweza kungoja, sababu zake nitakupa baadaye. Mama arudi leo kwenye kidonge chake cha kila siku. Bi Salma aache kukinywa. Na mama ale samaki usiku huu huu.

Hakuna aliyekusudia ubaya hapa. Mwanamke anayeikata kwa mkasi dawa ya maisha yake ili mwenzake naye apate, simwoni kama mkosaji, na sitaki aaibishwe hata kwa neno moja. Lakini mapenzi hayo yanawaumiza wote wawili. Mama anapata nusu ya dawa anayostahili, na Bi Salma anapata madhara ya dawa isiyomfaa kitu.

Tukisema "kansa ya titi" tumetaja mahali ilipoanzia tu. Hatujasema ni kitu gani kinachoisukuma ikue, na matibabu hutegemea hilo. Seli haigawanyiki hivi hivi. Hungoja amri, na wanaoipokea amri na kuipitisha ni protini ambazo seli imezitengeneza yenyewe kwa kufuata jeni zake, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani yake.

ER uliyoiona kwenye karatasi ni kipokezi cha estrojeni, homoni ya kike. Hata titi lisilo na ugonjwa linacho, na ndicho kinacholikuza msichana anapobaleghe. Estrojeni hupenya hadi ndani ya kiini cha seli na kushikamana na kipokezi hiki. Hapo vipokezi huungana viwili viwili, hukaa juu ya DNA, uzi unaobeba jeni, na kuziamsha jeni za ukuaji. Mojawapo hutengeneza protini iitwayo saiklini D1. Saiklini hushirikiana na vimeng'enya viwili, CDK4 na CDK6, kuidhoofisha protini nyingine, Rb, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike kabla ya wakati. Rb ikishalegezwa, seli moja huwa mbili. Katika titi zima mambo haya huenda kwa kiasi na yana mwisho. Katika kansa kama ya mama hayapumziki.

PR ni kipokezi cha projesteroni, na hutengenezwa kwa amri ya ER. Kwa hiyo ER na PR zikionekana pamoja, daktari hupata matumaini zaidi, maana ni dalili kwamba ER iko kazini na tiba ya homoni itakuwa na pa kushika. Ile 90% maana yake ni kwamba katika kila seli 100 za kansa zilizotazamwa kwa hadubini, kama 90 zilikuwa na kipokezi hicho. Huhesabiwa chanya kuanzia 1%. Mama yuko mbali sana na mpaka huo.

Pengine utauliza estrojeni inatoka wapi kwa mwanamke wa miaka 58 ambaye hedhi imeshakoma. Ovari zimepumzika kweli, lakini mafuta ya mwili yanaendelea kuitengeneza kwa kimeng'enya kiitwacho aromatasi. Si nyingi, ila seli yenye vipokezi tele hutosheka na kidogo.

Sasa tamoksifeni. Dawa hii huenda kukaa pale pale ambapo estrojeni ingekaa, lakini haitoi amri ya kukua. Ni kama abiria aliyekalia nafasi ya nahodha. Nahodha hana pa kukaa, na chombo hakiondoki. Seli za kansa ya Bi Salma hazina nafasi hiyo tangu mwanzo. Kidonge kinazunguka katika damu yake bila kupata pa kukaa, na kansa, kama ipo iliyobaki, haina habari nacho.

Swali lako, kwa nini huyu na si yule, liliwahangaisha madaktari kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, alitangaza kwamba alimtoa mwanamke ovari na kansa yake ya titi ikanywea. Wengine wakafuata njia hiyo, ikaonekana inawafaa wagonjwa kama theluthi moja tu. Waliobaki walikuwa wanapasuliwa bure, na hakukuwa na njia ya kujua mapema nani atafaidika. Ndipo Elwood Jensen na wenzake kule Chicago, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoonyesha kwamba kuna seli zenye protini inayoidaka estrojeni, na baadaye ikathibitika kuwa uvimbe usio na protini hiyo hausikii tiba ya homoni. Tamoksifeni ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 katika kutafuta dawa ya kuzuia mimba, kazi ambayo haikuiweza. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Uchambuzi uliounganisha majaribio mengi, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kwa wenye ER chanya, kuimeza kwa miaka 5 hupunguza vifo vya kansa ya titi kwa takriban theluthi moja katika miaka 15. Kwa wenye ER hasi, faida ilikuwa ndogo mno au haikuwepo kabisa.

Kwa hiyo neno "hasi" katika karatasi ya Bi Salma si hukumu aliyopewa. Limemwepusha na miaka mitano ya dawa isiyo yake.

HER2 nitaigusa kwa ufupi, kwa kuwa haiwahusu wazee wetu hawa wawili, ingawa najua wapo wasomaji inaowahusu. Hii nayo ni protini inayopitisha amri ya kukua, ila hukaa kwenye ngozi ya seli, si katika kiini. Katika kansa 15 hadi 20 kwa kila 100 za titi, jeni yake imejizidisha na protini zimejaa juu ya seli kupita kiasi, zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kupeleka amri ya kukua bila kutumwa na mtu. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba wenye hali hii kansa yao ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumabu, dawa ya kuchomwa inayoikamata protini hiyo. Majibu huandikwa 0, 1+, 2+ au 3+. Ya 3+ ni chanya. Ya 0 na 1+ hazitibiwi kwa trastuzumabu. Ya 2+ haijasema lolote bado, na mwenye kuipata asikubali kurudi nyumbani bila kuuliza kipimo cha pili cha jeni kitafanyika wapi na lini.

Tumrudie Bi Salma, maana ndiye anayenisumbua zaidi katika barua yako. Kansa yake ni ile inayoitwa hasi tatu: haina ER, haina PR, wala HER2 haijazidi. Huonekana zaidi kwa wanawake wenye umri mdogo na wenye asili ya Afrika. Haimaanishi haina kinachoisukuma. Mara nyingi protini za ulinzi kama p53 zimeharibika, na seli zinagawanyika kwa kasi. Ile Ki-67 ya 70%, protini inayoonekana katika seli zinazojigawa, inasema hivyo hivyo, kwamba wakati nyama ilipokatwa, seli nyingi zilikuwa katika kujigawa. Na dripu zile zilizomnyonyoa nywele huzipiga hasa seli zinazojigawa. Nywele zilitoka kwa kuwa mashina yake nayo hujigawa upesi. Tafadhali mwambie hili kwa ukamilifu: yeye ndiye aliyepewa tiba nzito zaidi kati ya wawili hawa. Tiba yake ilikuwa ya miezi na imekwisha. Ya mwenzake ni nyepesi na ndefu. Hakuna aliyekatiwa tamaa.

Kuna jambo jingine analostahili kulijua. Kansa ya hasi tatu, ikiwa itarudi, mara nyingi hurudi katika miaka ya mwanzo, na baada ya miaka mitano hatari hupungua sana. Kansa ya ER chanya inaweza kukaa kimya miaka 10, 15 au zaidi, kisha ikajitokeza. Hiyo nayo ni sababu mmoja anapewa dawa kwa miaka na mwingine anaambiwa arudi kuangaliwa. Kwa Bi Salma tarehe zile za kurudi ndiyo sehemu ya tiba iliyobaki, asikose hata moja. Akihisi kinundu kipya kifuani au kwapani, maumivu ya mfupa yasiyoisha au pumzi kubana, asisubiri tarehe wala nauli ya boti. Aanze Chake Chake au Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, aonwe siku hiyo.

Na akishaacha tamoksifeni aeleze kliniki kwamba aliinywa, na kwa muda gani. Dawa hii inaweza kusababisha damu kuganda kwenye mishipa, na kwa wachache kansa ya mji wa mimba. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika ghafla, au damu ikitoka ukeni baada ya hedhi kukoma, aende hospitali haraka. Maneno haya yanamhusu mama pia, ila yeye faida anayoipata inaishinda hatari kwa mbali.

Kama Bi Salma bado ana shaka na majibu, anayo haki ya kuomba yasomwe tena. Kinyama kilichokatwa huhifadhiwa ndani ya nta katika maabara. Kinatakiwa kiingizwe kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa moja baada ya kukatwa na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikicheleweshwa, kipokezi kilichopo kinaweza kisionekane. Si kusema kwamba ndivyo ilivyokuwa kwake, ila ni swali la halali na daktari mzuri hatalichukia.

Kuhusu mama, kipimo chake ni miligramu 20 kila siku. Tamoksifeni hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo kuruka mara moja moja si balaa, lakini kuishi kwa nusu ya dawa mwezi baada ya mwezi ni kuuachia mlango ugonjwa unaoweza kungoja miaka. Muulize kwa upole kama kidonge kinampa joto la ghafla na jasho usiku. Wanawake wengi husumbuliwa nalo, na wapo wanaofurahi kimoyomoyo kupata sababu ya kupunguza dozi. Likiwepo aliseme kliniki, lina namna ya kutulizwa. Ila asipewe dawa ya sonona au ya usingizi kiholela, kwa sababu baadhi ya dawa za sonona, kama fluoksetini na paroksetini, huzuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa na nguvu yake kamili. Ramadhani nayo isimsumbue: ni kidonge kimoja kwa siku, atakimeza baada ya futari.

Kwa ami nenda kwa adabu, lakini nenda. Mwambie kwamba amekusudia kheri, na kwamba protini zilizotajwa kwenye karatasi si za sahani. Samaki akiliwa, tumbo humvunja vipande vidogo vidogo, na mwili hutumia vipande hivyo kujenga misuli, damu na kinga. ER hutengenezwa na seli ya kansa kwa maagizo ya jeni zake, mama ale changu au asile. Ukimnyima chakula hicho, ER haipungui. Kinachopungua ni mama. Mtu aliyepasuliwa na kupigwa mionzi anahitaji dagaa, mayai, kunde na mbaazi kuliko sisi wazima. Kama ami anataka jambo la kusimamia, asimamie sukari ya chai na vyakula vya kukaanga. Unene baada ya hedhi kukoma huongeza estrojeni ile ya mafuta, na hapo amri yake itakuwa na maana.

Jinsi ya kusema. Usimwite mama peke yake, atahisi amefumwa. Waite wote wawili, siku usiyokuwa na haraka ya skuli, uziweke karatasi mbili juu ya jamvi, moja kando ya nyingine, na uwasomee mstari kwa mstari. Anza na ya Bi Salma. Akishaona kwa macho yake kwamba pale mama alipoandikiwa 90% yeye ameandikiwa hasi, ataelewa kwamba kidonge hakikuzuiliwa kwa upendeleo. Kisha mwombe mama afanye jambo ambalo litamfaa shoga yake kuliko nusu pakiti, nalo ni kumsindikiza kila tarehe yake ya kliniki. Nadhani hapo moyo wa mama utapata pa kutulia, kwa sababu alichokuwa anakitafuta ni kuwa naye katika mtihani huu.

Zungumza nao pia, wote wawili, habari za watoto wa kike wa Bi Salma. Mwenye kansa ya hasi tatu hushauriwa aulize kuhusu jeni ya BRCA1, ambayo ikiwa na hitilafu inaweza kurithiwa na kuwaweka mabinti katika hatari. Na wewe mwenyewe mweleze daktari kwamba mama yako aliugua akiwa na miaka 56, akupangie uchunguzi wako.

La mwisho ni la vidonge vyenyewe. Vile vitano vya kabatini, kama bado vimo katika pakiti yake na tarehe haijapita, mama avichukue. Asimeze viwili kwa siku kufidia alivyogawa. Ni kimoja, kama kawaida, kuanzia leo. Safari ijayo ya kliniki asiseme uongo kuhusu miezi iliyopita, maana daktari anayejua kwamba dozi ilikuwa nusu atayasoma vipimo vyake kwa jicho tofauti.